Maoni: Kabla ya kubadili kadi ya ndege, msafiri wa mashariki ahesabu kilo, si viti vya ukumbi wa VIP

Mfanyabiashara wa Goma anayekwenda kununua mali Guangzhou huanza safari yake barabarani. Anavuka mpaka asubuhi kuingia Gisenyi, anapanda basi hadi Kigali, kisha anangoja ndege ya usiku. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, hiyo ndiyo njia. Wa Bukavu anapitia Kamembe, au anafuata barabara hadi Kigali ama Bujumbura. Wa Beni na Butembo anapita Kasindi kuelekea Entebbe. Wa Lubumbashi yeye ana bahati: uwanja uko mjini kwake na ndege za nje bado zinatua. Lakini wote hao wana kitu kimoja mfukoni, nacho ni kadi ya kampuni ya ndege waliyoichukua zamani, wakati njia zilikuwa nyingine.

Ndiyo maana katika ajansi za usafiri swali la kubadili kadi limekuwa la kila siku. Abaki na ShebaMiles ya Ethiopian aliyoizoea tangu enzi za safari ya Goma kwenda Addis Ababa? Ahamie Asante Rewards ya Kenya Airways? Achukue Skywards ya Emirates kwa kuwa sasa anapandia Entebbe? Au Privilege Club ya Qatar, au Miles&Smiles ya Turkish? Na sababu ya kwanza inayotajwa, karibu kila mara, ni ukumbi wa VIP: kadi ipi itamfungulia mlango wa kile chumba chenye viti laini, chakula cha bure na kahawa isiyolipiwa.

Swali hilo halina ubaya, ila limewekwa mbele pasipo mahali pake. Kwa msafiri wa Ulaya mwenye mkoba mmoja na kompyuta, ukumbi ni faida kubwa kwa sababu hana kingine cha kudai. Mama anayerudi na vikwembe, viatu vya watoto na vipuri vya simu ana hesabu nyingine kabisa. Yeye anapimwa kwenye mizani, na mizani ndiyo inayokula faida yake.

Inafaa kukumbuka kwanza kadi hizi zilitoka wapi, maana wengi bado wanadhani ni zawadi. American Airlines ilianzisha AAdvantage tarehe 1 Mei 1981, na kampuni nyingine za Marekani zikafuata ndani ya siku na miezi michache. Lengo lilikuwa rahisi: mteja asiangalie bei peke yake. Miaka 40 baadaye ikaonekana wazi kwamba kadi hizo zina thamani inayowashangaza hata wenye ndege. Mwaka 2020, wakati korona ilikuwa imesimamisha safari dunia nzima, United ilikopa dola bilioni 6,8 kwa kuweka programu yake ya maili kama dhamana. Delta ikafuata kwa dola bilioni 9 mwaka huo huo, na American ikafika bilioni 10 mwezi wa Machi 2021. Ndege zilikuwa zimelala uwanjani, lakini kadi za wateja zilikubaliwa na wakopeshaji. Mtu akijua hilo hatashangaa kwamba masharti yanabadilishwa wakati wowote, na kwamba yanabadilishwa na upande mmoja tu.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa ya namna ya kuhesabu. Zamani aliyesafiri mbali alipata maili nyingi, basi. Delta na United ziliacha utaratibu huo mwaka 2015, American mwaka 2016, na Flying Blue ya Air France na KLM mwezi wa Aprili 2018: tangu hapo kinachohesabiwa ni feza iliyolipwa. Katika Flying Blue, mwanachama wa ngazi ya chini anapata maili 4 kwa kila euro. Aliyebahatika kununua tikiti ya bei ya chini anaruka njia ndefu ile ile na kupata kidogo. Hata zile programu zinazobaki na hesabu ya umbali zinapunguza: tikiti za bei ya chini huhesabiwa nusu, au robo, au hazihesabiwi kabisa.

Chukua hesabu ya mfanyabiashara yule yule. Kutoka Kigali hadi Addis Ababa ni kama maili 970. Kutoka Addis hadi Guangzhou ni karibu maili 5.000. Kwenda na kurudi, basi, ni karibu maili 12.000. Akienda mara nne kwa mwaka amekata maili 48.000 angani, na katika Miles&Smiles, ambayo kwa miaka mingi imeomba maili 40.000 ili kufikia ngazi ya kuingia ukumbini, angedhani ameshapita. Hapana. Kama tikiti zake zinahesabiwa nusu, ana 24.000 tu. Amefanya safari nne za China na bado yuko ngazi ya chini, bila ukumbi, bila kilo za ziada. Anayekwenda Dubai kwa njia hiyo hiyo yuko mbali zaidi: kwenda na kurudi ni maili 5.000 hivi, nazo pia zinaweza kukatwa.

Ajansi zingefanya kazi njema kama zingemwambia mteja jambo hilo wakati wa kuuza tikiti. Kwenye tikiti kuna herufi moja ya daraja la bei. Herufi hiyo ndiyo inayoamua kama safari itahesabiwa, na karibu hakuna anayeiuliza.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba kubadili kadi si kubadili ndege. Kampuni nyingi kubwa zimejiunga katika miungano mitatu: Star Alliance, iliyoanza Mei 1997, oneworld, iliyoanza 1999, na SkyTeam, iliyoanza mwaka 2000. Ethiopian iko Star Alliance tangu Desemba 2011, pamoja na Brussels Airlines, Turkish, EgyptAir na South African Airways. Kenya Airways iko SkyTeam tangu 2010, pamoja na Air France na KLM. Qatar Airways iko oneworld tangu 2013. Emirates na RwandAir haziko katika muungano wowote, ingawa kila moja ina mikataba yake na kampuni kadhaa.

Maana yake ni hii: anayepanda Ethiopian kila mara si lazima maili zake zikae ShebaMiles. Anaweza kutoa namba ya kadi ya Turkish, au ya Miles & More inayotumiwa na Brussels Airlines, na safari ikaandikwa huko. Akifikia ngazi inayoitwa Star Alliance Gold katika programu mojawapo, anatambuliwa na zote. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi anayepanda Ethiopian leo, South African Airways mwezi ujao na Brussels Airlines wakati wa likizo, anafanya kosa kama ana kadi tatu. Maili zake zimetawanyika kama mbegu zilizomwagwa barabarani. Moja ingetosha.

Na hapa ndipo historia ya mashariki inapaswa kuwa mwalimu. Mwezi wa Mei 2022 serkali ya Kongo ilisimamisha safari za RwandAir, nayo ikaacha kutua Kinshasa, Lubumbashi na Goma. Aliyekuwa amekusanya pointi zake huko akajikuta kampuni yake haiko tena mjini. Mwezi wa Aprili 2024 Kenya Airways ilisimamisha kwa siku kadhaa safari za Kinshasa baada ya wafanyakazi wake wawili kukamatwa. Januari 2025 Goma ikafungwa. Katika nchi ambamo njia ya ndege inaweza kukatika kwa tangazo moja la jioni, kumfunga mteja kwenye kampuni moja ni kumfunga kwenye kitu ambacho yeye hana uwezo nacho. Muungano wenye ndege Kigali, Entebbe, Bujumbura na Lubumbashi unastahimili zaidi. Ethiopian peke yake inatua katika miji yote hiyo minne, na hiyo ndiyo sababu nzuri ya kubaki Star Alliance kuliko ukumbi wowote. Wa Entebbe tu, ambaye biashara yake yote iko Dubai, anaweza kusema vingine, na Skywards kwake si ujinga.

Sasa ukumbi wenyewe. Star Alliance Gold anaingia ukumbini hata kama tikiti yake ni ya daraja la kawaida, pamoja na mgeni mmoja, mradi mgeni naye awe anasafiri kwa ndege ya muungano. SkyTeam Elite Plus vile vile, kwa safari za nje. Humo ndani kuna chakula, intaneti, mahali pa kuchaji simu, na katika viwanja vikubwa kuna bafu za kuoga. Addis Ababa ina kumbi za Cloud Nine. Nairobi ina Pride na Simba za Kenya Airways. Ni vizuri, hakuna anayekataa. Mtu aliyetoka Goma saa kumi na mbili asubuhi na kufika Kigali na vumbi la njia anajua thamani ya maji ya moto.

Lakini katika nchi yetu ukumbi wa VIP umebeba maana nyingine ambayo haihusiani na kupumzika. Kwenye viwanja vya Kongo ni mlango wa wakubwa: waziri, jenerali, mbunge, na watu wao. Kuingia humo ni kuonyesha kwamba mtu amefika. Ndipo kadi ya ndege inapogeuka hamu, na hamu hiyo inauzwa. Wako watu wanaonunua tikiti ya bei ya juu mwezi wa Desemba, safari isiyo na faida yoyote, ili tu wafikishe maili zilizobaki za ngazi ya Gold. Wanalipa dola 700 kupata kahawa.

Feza ikihesabiwa kwa utulivu, mambo yanakuwa wazi. Mfanyabiashara wa safari nne kwa mwaka anapita Addis mara nane. Tuseme chakula, intaneti na kiti cha ukumbini vina thamani ya dola 30 kila mara: ni dola 240 kwa mwaka. Lakini Gold huyo huyo anaruhusiwa valizi moja zaidi, au kilo 20 zaidi pale mizigo inapopimwa kwa kilo. Tuseme valizi ya ziada ingelipiwa dola 150. Safari nne za kurudi, mizigo imejaa, ni dola 600, na hapo hazijahesabiwa za kwenda. SkyTeam Elite Plus ana faida ya namna hiyo hiyo. Skywards inatoa kidogo zaidi au kidogo chini kwa ngazi: kilo 12 kwa Silver, 16 kwa Gold, 20 kwa Platinum, pale kilo zinapohesabiwa. Kwa hiyo anayelinganisha kadi aanze na ukurasa wa mizigo. Ukurasa wa kumbi ausome jioni, akiwa ametulia.

Kuna pia faida ambazo hazihitaji kadi yoyote na ambazo watu wetu hawazidai kwa sababu hawazijui. Ethiopian humpa hoteli abiria anayelazimika kungoja Addis usiku mzima kwa sababu hakuna ndege ya karibu zaidi, kwa masharti yake, na suala hilo linapaswa kuulizwa siku ya kununua tikiti. Mwenye kitanda, chakula cha jioni na mlango wa kufunga hana haja ya kiti cha ukumbini. Mgonjwa au mzee anaweza kuombewa kiti cha magurudumu bila malipo, awe na kadi au asiwe nayo. Familia zinazopeleka wagonjwa India zingepaswa kuambiwa hivyo na ajansi kabla ya kuambiwa habari za Gold.

Ni kweli kwamba kwa familia hizo ukumbi unaweza kuwa zaidi ya anasa. Mama wa miaka 70 mwenye mguu uliovimba, saa saba kwenye viti vya chuma, si jambo la kubeza. Kijana wake mwenye Gold anaweza kuingia naye kama mgeni wake. Kwa safari moja kama hiyo kadi imelipa yote. Lakini basi ni kijana mmoja, na mama mmoja: baba akiwapo, atabaki nje au atalipiwa.

Kwa wasio na safari nyingi, kuna kumbi zinazouza nafasi mlangoni, na kuna kadi kama Priority Pass, iliyoanza mwaka 1992, ambayo haiangalii kampuni ya ndege. Bei yake ya ngazi ya chini imekuwa ikitangazwa Marekani kwa dola 99 kwa mwaka, kisha dola 35 kwa kila kuingia. Anayesafiri mara moja kwa mwaka, akiongeza hizo mbili, ataona kwamba amenunua sahani ya wali kwa bei ya mbuzi. Baadhi ya benki huitoa pamoja na kadi zao za juu, na hapo inafaa, mradi mteja asome ada ya kadi yenyewe.

Kama mtu bado anataka kubadili, kuna mambo yanayouma yasipojulikana mapema. Maili hazihamishwi kutoka programu moja hadi nyingine. Zinabaki pale zilipo mpaka zitumike au zife. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha maili kina tundu chini: katika ShebaMiles na Skywards, kama katika programu nyingi, maili huishi kama miaka 3. Flying Blue inahesabu miezi 24, ila safari mpya inaongeza muda. Kwa hiyo anayehama atumie kwanza zile za zamani. Na asidhani kwamba tikiti ya maili ni ya bure. Kodi hulipwa kwa feza taslimu, na kwa anayepandia uwanja wa Kongo kuna Go Pass, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa dola 50 kwa safari ya nje na 10 kwa safari ya ndani. Go Pass haijui maili.

Kinachoweza kuhamishwa, mara nyingine, ni ngazi. Baadhi ya kampuni humkubali mwenye Gold ya mpinzani na kumpa Gold yao, akituma picha ya kadi na orodha ya safari zake. Hufanya hivyo kwa sababu zinamtaka. Lakini mara nyingi ni nafasi ya mara moja, na ngazi hiyo ina tarehe ya mwisho. Ndiyo maana ni upumbavu kuiomba mwezi ambao hakuna safari. Anayejua kwamba kati ya Machi na Septemba atakwenda China mara tatu, aombe Februari mwishoni. Akiomba Oktoba atakuwa amepewa mwavuli siku ya jua.

Mfano wa Kenya Airways unafundisha pia. Kwa miaka mingi wateja wake walikusanya maili ndani ya Flying Blue, pamoja na Air France na KLM. Baadaye kampuni ikajitoa na kuanzisha Asante Rewards. Ikabaki SkyTeam, lakini maili za zamani zilibaki Flying Blue. Waliokimbilia kadi mpya bila kuangalia walijikuta na vibaba viwili, vyote nusu. Waliotulia waliendelea kuandikisha safari zao za Nairobi katika Flying Blue, kwa kuwa muungano unaruhusu. Mteja wa kampuni anaweza kuachwa na kampuni yake. Hilo nalo liwekwe kwenye mizani.

Kisha kuna jambo dogo ambalo linawapokonya Wakongomani maili nyingi kuliko masharti yote: jina. Pasipoti yetu ina jina, jina la kati na jina la ubatizo. Ajansi moja inaandika mawili, nyingine yote matatu, nyingine inageuza mpangilio. Akaunti ya maili iliyofunguliwa kwa majina mawili haiwezi kupokea safari iliyoandikwa kwa matatu, na mashine haina huruma. Msafiri anagundua mwaka mmoja baadaye kwamba safari yake ya Guangzhou haimo. Kuna muda wa kudai, mara nyingi miezi 6, kwa kuonyesha tikiti na kipande cha kadi ya kupandia. Wengi hutupa kipande hicho kwenye teksi. Kifunguliwe akaunti kwa majina yaleyale, kwa mpangilio uleule wa tikiti, na kipande kisitupwe hadi maili zionekane.

Upande wa Air Congo, iliyoanza kuruka Desemba 2024, serkali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian 49, baadhi ya abiria wanachukulia kwamba kadi yao ya Ethiopian inafanya kazi humo kama nyumbani. Air Congo si mwanachama wa Star Alliance. Aulize kabla ya kulipa. Na kampuni yenyewe ingefanya vyema kuandika wazi, kwa lugha ambazo abiria wake wanasoma, wanapata nini na hawapati nini. Ndege za misaada za Umoja wa Mataifa, ambazo wafanyakazi wa mashirika hupanda kila wiki, hazina pointi, na hakuna anayelalamika, kwa sababu hakuna aliyedanganywa.

Wafanyakazi hao, pamoja na wabunge na maofisa wa serkali, wana swali lao ambalo halijadiliwi huku. Tikiti imelipwa na shirika au na hazina ya umma, lakini maili zinaingia kwenye akaunti ya mtu binafsi, maana programu hutambua abiria na si mlipaji. Ujerumani, mwaka 2002, Gregor Gysi aliacha kiti chake katika serkali ya jiji la Berlin, na Cem Özdemir akaacha ubunge, baada ya kujulikana kwamba walitumia kwa mambo yao binafsi maili walizopata katika safari za kikazi. Kule ilikuwa kashfa ya taifa. Huku afisa anayesafiri kila mwezi kwa feza ya raia anapeleka familia yake likizo kwa maili hizo na kuita jambo hilo baraka. Mashirika yenye ofisi mashariki yangeweza kuanza kwa kuandika sheria ya mistari miwili: maili za kazi zinatumika kwa kazi, na ukumbi ni wa msafiri. Haitagharimu kitu, na itapunguza wale wanaochagua ndege ya bei ya juu kwa sababu ya kadi yao.

Linabaki deni la kampuni za ndege kwa watu wa Goma. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja, Emirates, Air France na KLM na nyingi nyingine ziliongeza muda wa ngazi na wa maili, kwa sababu mteja hakuwa na kosa. Mteja wa Goma hana kosa pia. Uwanja wake umefungwa, anatumia siku nzima barabarani na feza za basi na za hoteli kufikia ndege, wengine wamepoteza maduka na hawakusafiri mwaka mzima, huku tarehe kwenye akaunti zao zinaendelea kusonga kana kwamba hakuna kilichotokea. Kampuni iliyouza tikiti za kutoka Goma inaweza kuona katika kompyuta yake wateja hao ni akina nani. Kuwaongezea muda ni kubonyeza kitufe.

Wakati hilo linangojewa, hakuna kinachomzuia mwanachama kuomba mwenyewe. Barua fupi kwa Kifaransa au Kiingereza, namba ya kadi, nakala ya tikiti za zamani zilizoandikwa Goma, na maombi ya wazi: miezi 12 zaidi kwa maili na kwa ngazi. Itumwe kabla ya tarehe ya kufa kwa maili, maana baada yake jibu karibu kila mara ni hapana.